Kumfua Babu Boko

Asubuhi hiyo Gerishom alivaa tai. Alikuwa karani wa stoo katika hoteli ya Kasa Mweupe, Malindi, na kazi yake ilikuwa kupokea magunia ya viazi na makopo ya nyanya. Hakuna aliyekuwa amemwomba tai. Lakini aliifunga, akaifungua, akaifunga tena mbele ya kipande cha kioo kilichoegemezwa dirishani. Mkewe, Kadii, alikuwa kitandani akiwavalisha watoto, na alipomtazama aliwaza kwamba mwanamume akijikaba mwenyewe namna ile, wengine hawana haja ya kujisumbua.

"Usikae tu kuniangalia," Gerishom alisema. "Hawa watoto wapake mafuta. Miguu pia. Meneja hapendi kuona mtoto ako na miguu nyeupe kama ya kuku."

"Meneja ndiye atakayewabeba?"

"Kadii, leo tafadhali. Leo tu. Huo mdomo uache hapa nyumbani."

Watoto hawakuwasikia. Walikuwa pacha, Kambi na Easter, hawajatimiza hata miaka minne, na tangu alfajiri walikuwa wakiimba wimbo wa Babu Boko mpaka jirani akagonga ukuta. Babu Boko alikuwa kiboko wa redioni. Kila Jumapili alasiri sauti nzito ya mzee ilikohoa kwenye redio, ikauliza: "Wajukuu, mmekula? Mmenawa?" Na pacha hao, chumbani mwao katika mtaa wa Barani, walisimama mbele ya redio wakanyoosha viganja ili Babu avione. Kambi hakukubali kuoshwa kichwa ila aambiwe ni amri ya Babu Boko. Easter alimbakishia mkate.

Sasa Babu Boko alikuwa amepewa mwili. Kasa Mweupe walikuwa wamefyeka kichaka kando ya ufuo, wakajenga bustani ya michezo ya watoto, wakaiita Nchi ya Furaha. Palikuwa na ndovu wa saruji mwenye pembe moja, maana ya pili ilivunjika kabla ya kukauka. Ngome ya mbao iliyopakwa rangi ya waridi. Farasi wa kuzunguka waliosukumwa na watunza bustani wawili waliofichwa nyuma ya turubai. Na garimoshi dogo lililokuwa, kwa kweli, trekta la kuvutia takataka lililofungwa bati. Mwenye hoteli aliishi Ulaya, na siku hiyo alikuwa aje kuona fedha zake zimegeuka nini. Wageni wenye watoto walikuwa wachache mno. Kwa hiyo meneja, Njoroge, aliwatangazia wafanyakazi kwa wema mkubwa kwamba wawalete watoto wao, bure, waje wajaze picha.

Gerishom aliupokea mwaliko ule kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Mkuu wa stoo alikuwa astaafu mwisho wa mwezi, na nafasi yake ilikuwa mkononi mwa Njoroge. Pamoja na cheo kulikuwa na nyumba ya wafanyakazi: vyumba viwili, umeme, na mfereji wa maji ndani. Kadii naye, tusimpake asali, aliutaka mfereji ule. Alikuwa amechoka kupanga foleni ya ndoo na kutukanwa na mwenye bomba. Ndiyo sababu aliwapaka watoto mafuta, miguu pia, na mdomo wake akajaribu kuuacha nyumbani.

Walifika wakapitishwa geti la jikoni, kati ya mapipa ya mabaki ya samaki. Askari aliwakagua watoto viatu, akamwamuru mama mmoja aliyekuwa mbele yao arudi na mwanawe kwa kuwa kandambili hazipendezi kwenye picha. Yule mama alirudi kimya. Mtoto wake ndiye aliyelia hadi barabarani.

Njoroge alisimama chini ya upinde wa maputo, amevaa suti ya mikono mifupi, kijiti cha meno kikichezacheza mdomoni. Alikuwa mtu wa tumbo dogo na sauti kubwa, na alikuwa na mazoea ya kuzungumza na watu huku akitazama kitu kilicho nyuma yao.

"Shikamoo, bwana meneja," Kadii alisema, ingawa hawakupishana sana kwa umri.

Njoroge hakuitikia. Alimshika Kambi kidevu, akakigeuza kulia na kushoto kama mtu anayechagua papai.

"Hawa ndio mapacha? Wazuri. Weusi kidogo, lakini kamera itasaidia."

Gerishom alicheka. Alicheka kwa sauti, na alipoona meneja hakucheka, akakata kicheko katikati kama anayefunga bomba. Kadii alimtazama mumewe jasho likimtoka juu ya ile tai, akayarudisha macho kwa watoto. Walikuwa wakitafuta Babu Boko.

Watoto wa wafanyakazi walikalishwa chini, juu ya mikeka, kwa safu. Wa wageni walikuwa watatu tu, wamebabuka pua kwa jua, nao walipandishwa garimoshi. Trekta likazunguka ngome. Mpiga picha aliyeletwa kutoka Mombasa alipiga makofi akaagiza: "Haya, watoto, pungeni mikono! Shangilieni!" Wale wa mikekani wakapunga mikono wakashangilia garimoshi ambalo wao hawakupanda. Lilipomaliza mizunguko yake likafunikwa turubai, maana mafuta yalikuwa ya kupimwa.

"Na sisi?" Easter aliuliza.

"Badaye," babake alisema. "Nyamaza. Kaa vizuri."

Walipewa juisi ndani ya vikombe vya plastiki, maji yaliyopitishwa karibu na chungwa. Mhudumu aliyekuja kukusanya vikombe hakungoja watoto wamalize.

Ndipo muziki ukapigwa kwenye vipaza sauti, na Babu Boko akatokea nyuma ya ndovu.

Alikuwa mkubwa, wa kijivu, ameshonwa kwa mablanketi na kujazwa sponji. Kichwa chake kilitosha watu wawili, kinywa wazi, chekundu ndani, kimepangwa meno ya mbao makubwa kama vipande vya mkate. Alitembea kwa kuyumba, maana aliyekuwa ndani aliona kwa tundu moja tu. Mikekani watoto walinyoosha shingo. Kisha watoto wakubwa wakapiga kelele za furaha, na wadogo wakawaangalia wakubwa ili wajue wafanye nini.

Kambi alisimama. Hakuogopa, bado. Alijipangusa viganja kwenye kaptula.

"Pacha!" mpiga picha aliita. "Nileteeni wale pacha, wakae mapajani pake!"

Gerishom aliwabeba mbio, mmoja kila mkono, tai imemrukia begani. Babu Boko aliketishwa kwenye kigoda, na watoto wakapachikwa juu yake. Easter aliutazama ule mdomo, akamtafuta mamake kwa macho. Lakini Kambi alikuwa na adabu za nyumbani.

"Shikamoo, Babu," alisema.

Babu Boko hakujibu.

Kambi alidhani hakusikika, kwa sababu ya muziki. Akanyoosha mikono yake miwili, akaisogeza hadi karibu na yale meno. "Babu, nimenawa."

Kichwa kile kikubwa kilitikisika kidogo, lakini hakikutoa neno, wala hakikukohoa. Mtoto alisubiri. Kadii, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba pamoja na wake wa wafanyakazi, aliona uso wa mwanawe ukibadilika polepole: mzee aliyezungumza naye kila Jumapili amekuja, ameonyeshwa mikono, na amekataa kumtambua. Halafu Kambi akapiga ukelele. Dada yake akauitikia.

"Wacheke!" Njoroge alisema. "Gerishom, hao watoto wako wacheke. Sinema ni hii?"

"Cheka," Gerishom alimwambia mwanawe kwa meno yaliyofungwa. "Cheka nakwambia." Akajifanya anamweka sawa, na vidole vyake vikaingia chini ya kaptula ya mtoto, vikashika nyama ya paja, vikasokota.

Kambi alikojoa. Mkojo ulipita kwenye kaptula mpya, ukaenea kifuani pa Babu Boko, ukateremka tumboni, ukaacha doa jeusi refu kwenye blanketi la kijivu. Mwanamke mmoja wa Kizungu aliyelala kwenye kiti cha ufukweni alicheka hadi akaangusha miwani. Mpiga picha naye akacheka. Watunza bustani wakachungulia nyuma ya turubai wacheke pia. Ni Njoroge peke yake aliyetoa kijiti mdomoni.

"Mama wa hiki kitoto yuko wapi?"

Kadii alikuwa amekwisha kuivuka kamba. Aliwachukua watoto wote wawili, mmoja ubavuni, mmoja mgongoni.

"Hii nguo imetoka ng'ambo," Njoroge alisema, akitazama mawingu. "Mwenye hoteli anafika jioni hii. Atafika akute inanuka mkojo? Chukua uende kule dobini ukafue. Kwa mkono. Mashine itaiharibu."

"Hoteli ina madobi, bwana."

"Madobi ni wa wageni. Mkojo ni wako."

Wake wa wafanyakazi walitazama chini. Kadii alimgeukia mumewe. Gerishom alikuwa akipangusa mkono wake kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Atafua, bwana meneja," alisema. "Sasa hivi. Hakuna shida, atafua tu."

Uwanja wa dobi ulikuwa nyuma ya jiko, na karo la saruji katikati. Babu Boko alitangulia akiyumba, akaketi juu ya ukingo wa karo, akajivua kichwa. Ndani mlikuwa na kijana mwenye uso uliolowa kama aliyetoka kisimani, macho mekundu.

"Randu?" Kadii alisema.

"Mimi, dada." Randu alikuwa wa kijiji cha Tezo, shamba lao lilipakana na la mamake Kadii. Alikunywa maji ya bomba kwa muda mrefu kabla ya kusema tena. "Samahani. Nilikujua, na watoto niliwajua. Nilitamani niwasemeshe."

"Kwa nini hukuwasemesha? Alikuonyesha mikono yake, yule."

"Nimekatazwa. Meneja aliniambia nikifungua mdomo wangu wa Tezo, watoto watajua boko ametoka kulima mihogo." Alicheka, lakini si sana. "Na uongo mwingine huo wa ng'ambo. Imeshonwa na fundi wa sokoni. Mimi ndiye niliyekwenda kupimwa."

Kambi alikuwa amejificha nyuma ya goti la mamake. Randu alichuchumaa mbele yake, mwili wa kiboko, kichwa cha mtu.

"Mjukuu," alisema kwa upole, "umenawa?"

Kambi alimkagua kwa muda. "Wewe si Babu Boko."

"Kweli. Si mimi. Na yule wa redio si yeye pia, baba. Ni mtu tu kama mimi, ila yeye amepewa kiti."

Alivua lile vazi likadondoka kwenye karo kama mnyama aliyechinjwa, akabaki na kaptula. "Sasa, dada, kaa pale kivulini. Nitaifua mimi, tutasema umefua wewe. Watoto huwa wananikojolea. Jana wakati wa majaribio walinikojolea wawili, na hakuna aliyeitisha baraza. Leo ni kwa sababu Mzungu amecheka."

Kadii alifikiria kukaa. Ingekuwa rahisi: kivuli, muda kidogo, uongo mdogo, kisha mfereji wa maji ndani ya nyumba maisha yao yote. Alikuwa hata ameanza kuelekea kwenye benchi pale Gerishom alipokuja mbio.

"Si yeye," Gerishom alisema, akimnyooshea Randu kidole. "Randu, toka hapo. Meneja amesema mama ndiye afue. Ako pale dirishani, anaangalia. Anasema wengine wajifunze."

"Wajifunze nini?" Kadii aliuliza.

"Mimi sijui! Wajifunze tu! Kadii, ni blanketi tu na maji. Unafua nguo kila siku. Hii ni shida gani? Fikiria ile nyumba. Hata si kwangu mimi, fikiria watoto."

Kadii alimvuta Kambi mbele, akaikunja kaptula yake mbichi hadi juu ya paja. Alama ilikuwa imevimba, nyekundu, na mahali pa ukucha palionekana wazi.

"Watoto nimewafikiria," alisema. "Huyu hakukojoa kwa ajili ya boko. Amekojoa kwa ajili yako."

Gerishom aliitazama ile alama, kisha, na hili ndilo Kadii hakulisahau, akageuka kutazama dirishani, kuona kama meneja ameiona.

"Shusha kaptula," alinong'ona. "Watu wanaona."

Kadii aliishusha. Hakupiga kelele, pengine angepiga kelele Gerishom angejua la kufanya. Alimpandisha Easter mgongoni, akamshika Kambi mkono, akapita kando ya bwawa la kuogelea, katikati ya viti vya wageni, akashika njia ya changarawe iendayo geti la mbele.

"Mama, geti lenu ni la jikoni," askari alisema.

"Langu ni hili lililo karibu."

Askari alitazama hoteli, akatazama kaptula ya mtoto inayochuruzika, akaona hakuna sheria iliyoandikwa ya jambo hilo. Akafungua. Alasiri hiyo Kadii alikuwa Tezo kwa mamake, na mamake, alipoona paja la mjukuu, alichemsha maji ya chumvi akalikanda. Jumapili ilipofika, pacha walikumbuka redio, lakini hawe yao, yaani bibi yao, hakuwa nayo. Easter alilia kidogo. Kambi hakulia.

Gerishom alikuja mwisho wa mwezi. Alikuja na mikate, sukari na ile tai, na uso uliong'aa hata mama mkwe akadhani ameokoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe alisema, akaingia ndani na mikate.

"Nimepata," Gerishom alimwambia Kadii kabla hajaketi. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya ungo ambao Kadii alikuwa akipepetea mahindi. "Mkuu wa stoo. Na nyumba nimepewa. Mfereji uko ndani, Kadii, mpaka bafu. Niliufungua mwenyewe, maji yakatoka."

Kadii aliuondoa ufunguo kwenye mahindi, akaushika.

"Na ile nguo? Ilifuliwa?"

"Ilifuliwa."

"Na nani?"

Gerishom alikohoa. "Randu alikataa. Alimwambia meneja maneno, akafukuzwa hapo hapo. Mtu mjinga. Basi mimi nilikunja mikono ya shati nikafua. Wapishi walikuja kuona, wakacheka, wacha wacheke. Meneja alimwita mpaka mpiga picha. Lakini tulipomaliza alinigonga bega, akasema mbele ya watu wote: 'Huyu ndiye mtu wa kuaminika.' Umesikia? Mbele ya watu wote."

Aliyasema haya kama mtu anayesimulia alivyoua simba. Kadii alingoja aone aibu ipite usoni pake, hata kwa kuchelewa, hata kwa bahati mbaya. Haikupita.

"Na sasa anayeivaa ni nani, Randu akiwa amefukuzwa?"

"Kwa muda tu," Gerishom alisema haraka. "Mpaka wapate kijana. Jumamosi na Jumapili peke yake. Na si kazi ngumu, ni joto tu."

Easter, aliyekuwa mlangoni akila mkate, aliinua kichwa. "Baba, wewe ndiye Babu Boko?"

Gerishom alifurahi kuulizwa. Alijaza tumbo pumzi, akatoa sauti nzito: "Wajukuu! Mmenawa?"

Easter alitazama viganja vyake. Kambi aliweka mkono pajani, akazunguka nyuma ya nyumba.

Tezo haikuwa na nafasi ya kukaa milele. Mvua zilikuwa zimekosa shamba la mamake mara mbili mfululizo, na midomo mitatu zaidi ilikuwa mingi. Kadii alirudi. Wapo waliosema amemsamehe mumewe, na Gerishom mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo. Kadii alihamia nyumba ya vyumba viwili, akafungua mfereji, akajaza kila chombo alichokuwa nacho. Alipika, alipakua, alijibu alipoulizwa. Watoto hawakukanyaga tena Nchi ya Furaha, ingawa muziki wake uliwafikia hadi kitandani.

Jumapili jioni Gerishom alirudi akiwa amelibeba lile vazi mgongoni, akalifua kwenye mfereji wake mwenyewe, akipiga mluzi, kisha akalitundika kwenye kamba uani, kando ya nguo za watoto, miguu ikining'inia. Kadii alitoka na beseni la nguo. Alisimama akalitazama, halafu akamtazama mumewe aliyekuwa akilinyoosha tumbo kwa uangalifu lisije likakunjamana.

"Si limetakata?" Gerishom aliuliza.

"Limetakata," Kadii alisema.

Akaanza kuanua nguo za watoto, zingali zinachuruzika maji, moja baada ya nyingine, akaenda kuzitandaza ndani.